Mke wangu anajua mikanda ilibadilishwa 2022

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamume wa miaka 52, mzaliwa wa Muheza, na nimeishi Uingereza tangu 1999. Natengeneza treni, zamu ya usiku. Nimeoa, tuna watoto watatu, wawili wameshaondoka nyumbani. Nakuomba usinicheke kabla hujamaliza kusoma, maana shida yangu inaanzia kwenye gari la starehe.

Mwaka 2018 kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilipunguza watu, nami nikalipwa changu. Sehemu ya fedha hizo tulimalizia deni la nyumba. Iliyobaki niliichanganya na akiba ya miaka mingi, nikanunua Ferrari F355 ya mwaka 1997, nyekundu, gia za mkono. Wenzangu hununua kiwanja cha pili. Mimi nilinunua sauti. Silinda nane, valvu tano kwa kila silinda, na ukiiachia inapanda hadi resi 8,500 kwa dakika. Mke wangu hakufurahi ila hakukataa. Alisema, "Zeeka nayo basi, lakini isitule."

Kwa wasiojua, gari hili halikuli kwenye petroli, linakula kwenye sevisi. Injini imelala nyuma ya viti, na upande wenye mikanda ya taiming, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, umeelekea mgongoni mwa dereva, hakuna nafasi ya kupitisha mkono. Kwa hiyo kubadilisha mikanda miwili ya mpira ni lazima kushusha injini nzima, na giaboksi yake, na fremu ya nyuma. Mafundi wanafungua kila kitu, kisha wananyanyua bodi juu na injini inabaki chini kwenye meza yake. Mikanda ya gari langu ilibadilishwa mara ya mwisho Mei 2017, na mwenye gari aliyenitangulia. Kuna mafundi wanaosema ibadilishwe kila miaka mitatu, wengine mitano. Sijamsikia wa kusema minane.

Mwaka 2022 tulikubaliana na mke wangu kutenga pauni 7,000 kwa kazi hiyo. Alinung'unika kwamba hizo ni bati za nyumba yetu ya Muheza, ambayo mpaka leo imeishia kwenye linta. Mwisho akakubali, kwa hoja kwamba gari likishafanyiwa sevisi kubwa litauzika vizuri siku tukitaka.

Wiki ileile mdogo wangu akapiga simu. Ana Fuso la kubeba machungwa kutoka Muheza kwenda Dar. Injini ilikuwa imekufa Segera, mzigo umeozea barabarani, wenye machungwa wamemfikisha polisi. Huyu ndiye mdogo wangu ambaye mke wangu alishasema, na kwa haki, asipewe tena hata senti. Tulimpa mtaji wa duka la vifaa vya ujenzi, ukaisha. Tukampa wa kuku, ukaisha. Nilitaka kumwambia hapana. Ndipo mama akachukua simu. Hakuomba kitu, alikohoa tu, akaniuliza huku kwetu kuna baridi? Mimi ndiye mkubwa wao na baba hayupo. Nikatuma zote 7,000: injini ya mtumba, machungwa ya watu, na gharama za kulitoa gari.

Ferrari nililipeleka kwa rafiki yangu mwenye gereji ndogo. Likakaa siku nne, likabadilishwa oili na filta. Niliporudi nalo mke wangu akauliza, "Wameshusha injini?" Nikasema, "Wameshusha." Basi. Neno moja.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, biashara imemkubali, na analitaka gari. Siku ya Idi tukiwa mezani mke wangu akamwambia, "Kwa nini uhangaike na ya watu? Chukua hili la shemeji yako. Limefanyiwa sevisi kubwa 2022, elfu saba zilitutoka." Kisha akanigeukia nithibitishe. Nikajaza mdomo sambusa.

Shemeji hataki kuleta mkaguzi. "Nimkague shemeji yangu?" ndivyo alivyosema. Bei anayotoa ni nzuri, ingemaliza nyumba ya Muheza na chenji ikabaki. Anataka kulichukua mwezi ujao, aende nalo Uskoti na marafiki zake.

Nimeuliza gereji ya wanaoyajua magari haya: pauni 8,600 pamoja na kodi. Hapo ni mikanda, beringi za kukazia mikanda, sili za kamshafti, wota pampu, plagi, mipira ya maji na kupima nafasi za valvu. Wakaniambia pia kwamba wakikuta ekzosi imepasuka kule inakotokea kwenye injini, au gaidi za valvu zimelika, mambo ambayo F355 inajulikana nayo, hesabu inaanza upya.

Nimewaza kulipa kwa kadi ya mkopo kimyakimya halafu niuze. Nimewaza kumnong'oneza shemeji. Nimewaza pia kunyamaza, maana gari halijatembea hata maili 3,000 tangu mikanda iwekwe, na rafiki yangu ananiambia kwao mkanda wa Corolla ulikatika wakaweka mwingine siku hiyohiyo, maisha yakaendelea. Kumwambia mke wangu ndiko ninakokuogopa kuliko yote. Hataniuliza habari ya mikanda. Ataniuliza habari ya mdogo wangu.

Nifanye nini?

Mimi niliyesema "wameshusha", Uingereza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka mara moja tu, pale kwenye sambusa, na nadhani na wewe ulijua nitacheka hapo.

Nikiliondoa gari lako katika barua hii, kinachobaki ni hiki. Miaka mitatu iliyopita fedha ya nyumba ilipewa kazi moja kwa makubaliano ya watu wawili, na mmoja wao akaipeleka kwenye kazi nyingine, kazi ambayo mwenzake alishaikataza. Kisha likasemwa neno la kuficha. Lingeweza kukaa hapo milele kama maneno mengi yanavyokaa katika ndoa za watu. Ila sasa anataka kulinunua mtu wa tatu. Tena si mtu baki.

Nianze na upande wa mafundi, kwa sababu nimeona umeutumia kidogo kujipoza. Mimi si fundi. Nina mpwa wangu aliyefanya kazi miaka kadhaa kwenye gereji za Al Quoz, Dubai, ambako magari ya aina hiyo huletwa kama huku tunavyoleta pikipiki. Nilimsomea barua yako kwenye simu. Akaniambia jambo la kwanza: maili 3,000 hazimwambii kitu. Mkanda ule ni mpira wenye nyuzi ndani, na mpira huzeeka ukitembea na huzeeka ukikaa. Gari linalolala wiki nyingi, mkanda wake unabaki umejikunja palepale kwenye puli. Na sili za kamshafti zikikauka zinavujisha oili, oili ikiupata mkanda, basi. Kuutazama hutautazama, maana umejificha kulekule ulikoeleza mwenyewe.

La pili ni la Corolla. Rafiki yako hakudanganya. Zile Corolla za zamani zenye injini ya 4A, mkanda ukikatika gari linazima, mnalisukuma pembeni, fundi anaweka mwingine. Hiyo ni kwa sababu ndani ya injini ile pistoni ikipanda haizifikii valvu hata zikibaki zimefunguka. Ya kwako zinafikiana. Mkanda ukikatika, au ukiruka meno machache tu, pistoni zinakwenda kuzigonga valvu, na wewe unazo 40. Hapo hatuzungumzii tena pauni 8,600.

Nikamuuliza, je, utakatika? Akasema hawezi kuapa kwamba utakatika, wala hawezi kuapa kwamba hautakatika. Amewahi kuvua mikanda ya miaka kumi ikiwa mizima. Kisha akaanza kunisimulia kwamba kwenye Ferrari 360 iliyotoka 1999 walifungua kijimlango nyuma ya viti, mikanda inafikiwa injini ikiwa mahali pake, na kwenye F430 wakaachana na mikanda wakaweka cheni, kwa hiyo ungenunua la mbele kidogo tu... Nikamkatiza. Ulishanunua ulilonunua.

Basi hoja ya maili naomba tuiweke pembeni. Najua ilikuwa inakupa usingizi.

Sasa mambo mawili umeyaandika kama yaliyokwisha kuamuliwa, na mimi sina hakika nayo.

Unamwona shemeji kama mtu anayenunua gari kwako, kwa hiyo suala ni wewe useme au usiseme. Hebu rudi mezani siku ile ya Idi. Nani alimwambia limefanyiwa sevisi kubwa? Nani alitaja mwaka na fedha? Shemeji yako hanunui kwa neno lako, mwanangu, ananunua kwa neno la dada yake. Amekataa mkaguzi kwa sababu dada yake amesema. Siku injini ile ikimwagika njiani Uskoti, hatakuwa na la kukuuliza wewe, maana wewe ulikuwa unatafuna. Atampigia dada yake. Huko uliko sheria ya kuuziana watu binafsi haimlazimishi muuzaji kutaja kila kasoro, ila inamkamata akisema lisilo kweli na mwenzake akanunua kwa kuliamini. Siitaji ili kukutisha na mahakama, najua hamtafika huko. Naitaja kwa sababu lisilo kweli lilisemwa kwa kinywa cha mkeo, naye hajui.

La pili ni hili. Unasema atakuuliza habari ya mdogo wako, kana kwamba hilo ndilo baya kuliko yote anayoweza kuyajua. Lakini fikiri ameishi na nini miaka hii mitatu. Anaamini pauni 7,000 za bati ziliingia kwenye gari lako la Jumapili. Kila unapofungua gereji ya nyumbani kulifuta vumbi, anamwona mume aliyechagua Ferrari nyumba ikiwa kwenye linta. Ulikubali kuonekana mtu wa anasa mbele yake ili usionekane uliyeshindwa kumkatalia ndugu. Inawezekana akijua ukweli utapanda machoni pake. Inawezekana pia utashuka, maana kwa gari alikubali na kwa mdogo wako alikataa. Mimi simjui. Wewe una miaka mingi naye.

Na wewe mwenyewe umeandika kwamba alikataa "kwa haki". Nimelisoma hilo neno mara mbili. Kama alikuwa na haki, ulituma kwa nini? Usinijibu kwamba ni damu. Nadhani ni kile kikohozi cha mama, na sijui mtoto mkubwa wa kiume wa Muheza anayekishinda kikohozi hicho. Lakini kusema "sikuweza kukataa" ni tofauti na kusema "nilimsaidia ndugu yangu", na mkeo atasikia tofauti hiyo hata kama wewe hujaisikia bado.

Njia ulizotaja nimezitembea moja moja.

Ya kadi ya mkopo inavutia kwa sababu inamlinda shemeji. Gari linakwenda kwake likiwa zima kweli. Ila umesahau faili. Mpwa wangu anasema magari haya yanauzwa pamoja na makaratasi yake: kitabu chenye mihuri, risiti kwa tarehe, na mnunuzi wa pili au wa tatu atayataka hata kama wa kwanza ni shemeji asiyejali. Fikiri faili lako litakavyosomeka. Muhuri wa 2017. Risiti ya oili na filta ya 2022. Halafu risiti ya kushusha injini ya mwaka huu, pauni 8,600, wiki chache kabla ya kuuza. Shemeji atalifungua jioni moja akiwa na chai mkononi na atauliza, kwa nini wameshusha injini mara mbili ndani ya miaka mitatu, na ile ya kwanza risiti yake iko wapi? Utakuwa umelipa deni la mkopo ili kununua swali hilo. Hiyo ni kabla ya kadi yenyewe kufika kwa posta na mimi, kama ningekuwa mkeo, ningeifungua bahasha.

Kumnong'oneza shemeji peke yake kuna uungwana wake. Mtu anayeweka fedha yake ana haki ya kujua, na bei mnaweza kuikata kwa kiasi cha kazi, wanunuzi wa magari hayo hufanya hivyo kila siku. Hatari yake ni kwamba unamkabidhi mtu siri ya dada yake, halafu unamwombea uvumilivu kila Idi. Wapo wanaoweza. Lakini siku akishindwa, mkeo atakuwa ameachwa nje na wanaume wawili badala ya mmoja, na mmoja wao amenyonya naye ziwa moja.

Kuna njia hukuitaja, ya kuliuza kwa mtu baki ukiandika wazi kwamba mikanda imefikia muda. Hapo hakuna anayedanganywa kwenye gari. Utapata pungufu, na utahitaji sababu ya kumnyima shemeji, na sababu hiyo itakuwa uongo wa pili. Na kuna ya kuliegesha tu na kusema umebadili nia. Mpira utaendelea kuzeeka, nyumba itabaki kwenye linta, ila ndoa ingepata muda wa kupumua. Watu huishi hivyo miaka mingi, siwezi kukuambia hawaishi.

Kumwambia mkeo kwanza, kabla ya shemeji na kabla ya fundi, ndiyo njia yenye mlango mkubwa na sakafu usiyoiona. Anaweza kuhesabu kurudi nyuma: kama hili alilificha, ni yapi mengine? Anaweza kuchukua simu na kumpigia mama yako usiku huohuo. Anaweza kunyamaza wiki mbili, ambako wanaume wengi huniandikia kwamba ni bora kelele. Ukiamua kuipita, nina machache ya kukuambia kama mama. Usimwambie ndani ya gari, wala ukitoka zamu ya usiku. Usianze na mikanda, maana ukianza na mikanda atadhani unaomba fedha. Anza na Segera. Taja kiasi chote kwa mara moja, usikitoe kwa vipande. Na usimtaje mama yako kama sababu; mke hawezi kushindana na kikohozi cha mkwe, na akijua hawezi, atazidi kukasirika. Kama mdogo wako amewahi kurudisha hata laki mbili, uwe na hesabu hiyo kwenye karatasi. Mtu aliyeachwa gizani hutulia kidogo akishika karatasi.

Kisha mwachie yeye aseme nini kinaambiwa shemeji, na nani anakisema. Neno lilitoka kinywani mwake. Huenda akataka kulirudisha mwenyewe. Huenda akasema wewe ulirudishe, tena mbele yake.

Kuna jambo dogo ambalo halingoji maamuzi hayo makubwa. Mwezi ujao uko karibu, na vijana wakija kuchukua gari lazima walijaribu, na F355 haijaribiwi kwa resi 3,000. Mpwa wangu aliniambia nikusisitizie: ufunguo ukae kwako. Tafuta sababu ya kweli. "Lina kazi haijafanyika" ni sentensi ya kweli, na ni fupi kama ile ya 2022.

Umeniandikia barua ndefu, mwanangu, umenieleza mpaka fremu ya nyuma. Nimetafuta sehemu moja nikaikosa, na nadhani mkeo naye atakuuliza kabla hajafika kwenye hasira. Lile Fuso, baada ya injini ya mtumba, linatembea? Linabeba machungwa msimu huu? Mdogo wako anajua zile fedha zilikuwa za nini? Mpigie leo umuulize, halafu niandikie tena.